Barua ya wazi: Tumesoma, sasa tuacheni tubaki katani

Kwa waheshimiwa viongozi mnaosimamia serikali za mitaa na utumishi wa umma Tanzania

Yah: Shahada ya uzamili na kazi ya Mtendaji wa Kata

Waheshimiwa,

Shikamooni. Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni Afisa Mtendaji wa Kata. Kata yangu ina vijiji vinne, na kijiji cha mbali kabisa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki wakati wa kiangazi. Masika siahidi. Nimo kwenye utumishi tangu mwaka 2011, nilipoanza kama Mtendaji wa Kijiji nikiwa na astashahada ya serikali za mitaa kutoka chuo cha Hombolo, Dodoma. Baadaye nikapata shahada ya kwanza, mwaka 2018 nikapewa kata, na kati ya 2019 na 2021 nikasoma Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma huku nikiwa kazini. Halmashauri yangu siitaji, kwa sababu sikuja kumshtaki mtu.

Ninalo neno moja tu la kuwaambia. Shahada ile imenifanya mtendaji bora kuliko nilivyokuwa. Na kila mlango uliofunguka baada ya kuipata umekuwa mlango wa kunitoa katani.

Nianze na kile ilichonifanyia, maana wapo wanaosema masomo haya ni makaratasi ya kupandia cheo. Nilipokabidhiwa ofisi ya kata nilipewa muhuri, wino wake, funguo mbili na kabati la mbao lililojaa kauntabuku za zamani. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, nyingine zimetumika kufanyia hesabu za michango ya mwenge upande wa nyuma. Mtendaji aliyenitangulia aliniambia kwa nia njema kabisa, "Dada, hayo ni mambo ya kale, ukipata nafasi uyachome."

Sikupata nafasi. Mwaka uliofuata nikawa darasani, mwalimu anatufundisha Mjerumani Max Weber na urasimu. Huku kwetu urasimu ni tusi. Ni njoo kesho, ni bosi katoka. Lakini nilichokipata kwa Weber ni kwamba ofisi inaishi ndani ya majalada yake, na mtu anayekalia kiti anapita tu. Jumamosi iliyofuata nililitoa kabati lote uani. Nikaanika zile kauntabuku juani, nikazipanga kwa kijiji na kwa mwaka, nikapiga namba za kurasa kwa kalamu ya bluu, nikaandika orodha ya yaliyomo kwenye kila jalada. Ilinichukua wikendi tano. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuniangalia akidhani nina ukaguzi.

Mwaka 2020 zikaja familia mbili zinagombea shamba la ekari mbili kando ya mto. Mjane mmoja na watoto wake upande huu, shemeji zake upande ule. Mzee wa upande wa pili alikuwa na uhakika kwamba ardhi ile haikuwahi kugawiwa kwa marehemu, ilikuwa ya kuazima tu. Nikafungua jalada. Ukurasa wa 61, kikao cha halmashauri ya kijiji cha Agosti 2009, ajenda ya nne: ombi la ardhi limejadiliwa, limepelekwa mkutano mkuu, mkutano umeridhia. Chini yake saini za wajumbe, na kwa wale wasiojua kuandika, alama za dole gumba. Moja ya alama hizo ilikuwa ya baba yake yule mzee, aliyekuwa mjumbe wa halmashauri wakati huo. Mzee aliinama akaliangalia lile dole muda mrefu, akaligusa kwa kidole chake, kisha akasema, "Kama baba aliweka dole, basi." Hawakufika hata baraza la usuluhishi. Mjane amelima mpunga pale hadi leo.

Hilo ndilo somo la uzamili ninalolijua mimi, waheshimiwa. Lilianzia kwenye kitini, likaishia kwenye jalada lenye vumbi.

La pili ni madarasa. Mnakumbuka fedha za UVIKO-19 za mwishoni mwa mwaka 2021: madarasa 15,000 nchi nzima, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, na yawe tayari watoto wakifungua shule Januari. Sekondari yangu ilipata mawili. Milioni 40 ziliingia kwenye akaunti ya shule, mafundi wakawa wa kwetu kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule kujenga yenyewe bila mkandarasi, na mimi ndio kwanza nilikuwa nimekabidhi tasnifu yangu. Saruji ilikuwa inapanda bei kila wiki kwa sababu kila kata ya nchi hii ilikuwa inanunua saruji siku moja.

Kitu nilichokuwa nimekisoma kwa miezi mingi kilikuwa uwajibikaji. Sasa hapa nina kisa. Masomo ya uzamili tuliyasoma kwa Kiingereza, na neno lenyewe nilikuwa nalo kwa Kiingereza, pamoja na nadharia zake zote. Niliposimama kwenye mkutano wa hadhara nikasema ninataka uwajibikaji kwenye mradi huu, mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi alisimama akiwa amekasirika: "Kwani nani amekosa hadi awajibike?" Alikuwa na haki. Kwa lugha ya siasa zetu, kuwajibika ni kujiuzulu. Mtu akisema fulani awajibike, anataka aondoke. Miaka miwili ya chuo na sikuwa nimejifunza kulisema neno lile mbele ya watu ninaowatumikia. Mama mmoja wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, ndiye aliyeniokoa, akasema kutoka kwenye mkeka, "Mtendaji anataka kusema tutoe hesabu." Kutoa hesabu! Watu wakatulia. Tangu siku hiyo nasema kutoa hesabu.

Basi tukatundika karatasi ya manila kwenye mlango wa stoo ya shule. Safu tano: tarehe, mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki, na saini ya mtunza stoo. Kila jioni inajazwa kwa kalamu ya wino mzito, na yeyote anayepita anaruhusiwa kuisoma. Wiki ya tatu, bibi mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pale shuleni alinifuata ofisini. Hajasoma zaidi ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Akaniambia: "Mwanangu, jana pale mlangoni iliandikwa mifuko 62. Leo 48. Na ukuta uko palepale." Nilikwenda naye. Mtunza stoo akatuonyesha mifuko 14 chini ya turubai kwenye ubaraza wa nyumba ya mwalimu, kwa sababu paa la stoo lilikuwa limevuja usiku. Hakukuwa na wizi. Akaandika maelezo kwenye manila, bibi akayasoma kwa sauti neno kwa neno, akarudi kwenye maandazi yake. Madarasa yale yalikamilika. Sina shaka hata kidogo kwamba yalikamilika kwa sababu ya karatasi ile na macho ya watu kama yule bibi.

Sasa niwaeleze kilichonipata baada ya masomo.

Nilijisomesha mwenyewe. Nilikopa benki, makato yakanifuata miaka mitatu, na mama yangu alikaa na wanangu kila wikendi niliyokuwa chuoni. Sisemi haya kuomba kurudishiwa. Niliporudi na cheti nilikipeleka kwa wahusika wa rasilimali watu. Nilipokelewa vizuri, wakaniambia: tutakiweka kwenye jalada lako. Nikauliza, na kazini kinabadilisha nini? Nikaambiwa, kwa kada yako ya utendaji, hakuna. Ukitaka kikusaidie, omba kubadilishiwa kada, uwe afisa utumishi au upande mwingine, uje makao makuu ya halmashauri. Aliyeniambia hivyo alikuwa ananishauri kama dada, na ushauri wake ulikuwa sahihi kwa mujibu wa ngazi zilivyojengwa.

Darasani kwetu tulikuwa watano tuliotoka serikali za mitaa. Mmoja alihamia wizarani ndani ya mwaka. Mmoja yuko kwenye shirika lisilo la kiserikali, analipwa vizuri na anaandika ripoti kuhusu kata. Wawili wamebadilishiwa kada. Nimebaki mimi, na watu wananiuliza nina tatizo gani. Ndugu zangu wanadhani nimefungiwa. Diwani wangu, ambaye tunaelewana sana, aliwahi kunitambulisha kwa mgeni: "Huyu ana masters lakini bado yuko huku." Hiyo lakini iliniuma kuliko makato ya benki.

Kwa nini iwe lakini?

Waheshimiwa, historia ya vyuo vyetu yenyewe inaelekea kata. Mzumbe ilianzishwa mwaka 1953 ikiwa shule ya serikali za mitaa, ya kufundisha machifu, madiwani na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Kazi yake ilikuwa kumchukua mtu wa chini, kumpa maarifa na kumrudisha chini. Mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, IDM, na mwaka huohuo serikali za mitaa zikafutwa kwa ule mpango wa Madaraka Mikoani. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi 1984. Mwaka 2001 IDM ikawa Chuo Kikuu Mzumbe. Nikiipanga miaka hiyo kwenye mstari mmoja naona shule ikipanda ngazi, na nafurahi, kwa sababu bila kupanda huko nisingesoma uzamili katika nchi yangu. Lakini njia ya kumrudisha msomi kijijini haikujengwa upya tangu zama zile za machifu.

Na kazi ya chini imekua. Leo tuna halmashauri 184 na vijiji zaidi ya 12,000. Mtendaji wa Kata ni katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndiye anayesimamia watumishi wa serikali waliomo katani, walimu na waganga na maafisa ugani, wengi wao wakiwa na shahada. Anafuatilia mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, na aliyesimama mbele ya vikundi vyenye hasira akieleza kwa nini, alikuwa mtendaji. Manunuzi ya serikali yamehamia kwenye mfumo wa kompyuta wa NeST. Fundi wa kijijini ambaye hajawahi kushika kompyuta anamfuata nani? Posho ya shilingi laki moja kwa mwezi tuliyopewa tangu bajeti ya 2021/22 tunaishukuru, na ninaishukuru kwa dhati, ni mafuta ya pikipiki yangu. Ninachokiomba leo hakihusu posho.

Wala sisemi kwamba asiye na uzamili hafai. Aliyenifundisha utendaji ni mzee mmoja wa darasa la saba. Alikuwa Mtendaji wa Kijiji jirani nilipoanza, akijua kila mpaka, kila ukoo, na nani hasemi na nani. Aliondolewa kazini mwaka 2017 pamoja na wenzake wa elimu ya msingi, kisha mwaka 2018 serikali ikaamua walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudi. Miezi ile kijiji chake kiliyumba kama nyumba iliyotolewa nguzo. Nilipokuwa nikisoma nadharia za utawala usiku, mara nyingi nilikuwa namwona yeye. Mambo mengi aliyokuwa akiyafanya yana majina vitabuni na hakuwahi kuyajua majina hayo. Shahada ilinipa majina, na majina yakanipa uwezo wa kumfundisha mtu mwingine kile ambacho mzee alikuwa nacho kichwani peke yake. Sasa amestaafu, na kilichohifadhiwa katika maarifa yake ni kile nilichokiandika.

Kwa hiyo ninaomba.

Muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yetu uwe na ngazi ya mtendaji mbobezi. Mtu aliyesoma utawala wa umma, akapimwa kazini na kuonekana amefanya kazi, apande akiwa hukohuko katani, bila kulazimika kugeuka afisa wa kitu kingine. Daktari bingwa hapandi cheo kwa kuacha kutibu. Akishapanda, apewe kata changa za kuzilea. Watendaji wapya wa vijiji wapelekwe kwake miezi mitatu kabla ya kukabidhiwa muhuri. Mimi nilikabidhiwa muhuri siku ya pili baada ya kuripoti, na nilikosea mambo ambayo hadi leo yananiamsha usiku.

Mpango wa mafunzo wa kila halmashauri ubandikwe kwenye mbao za matangazo kama tunavyobandika mapato na matumizi ya vijiji. Ionekane nani anaruhusiwa kusoma, anasoma nini, kwa gharama ya nani na atarudi kufanya kazi gani. Anayelipiwa na halmashauri aandikishane nayo kubaki katani kwa kipindi cha kutosha. Na anayejilipia, angalau apate siku zake za mitihani bila kujificha. Mtihani wangu mmoja niliufanya nikiwa nimetoka moja kwa moja kwenye kikao cha lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, na wafanyabiashara wa mahindi, viatu vina tope, wasimamizi wakaniangalia mara mbili.

Nimeliacha la tasnifu mwisho kwa sababu ndilo linalonikereketa kuliko yote. Yangu ilihusu mahudhurio ya mikutano mikuu ya vijiji. Sheria inataka mkutano mkuu kila miezi mitatu, na kila mtendaji anajua taabu ya kupata akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Nilikaa kwenye mikutano ya vijiji vyangu vyote vinne, nikahesabu watu, nikawahoji waliokuja na wasiokuja. Niliyoyakuta ni rahisi kuyaeleza. Watu huja pale wanapojua kwamba hesabu ya fedha itasomwa mwanzoni, kabla ya hotuba na kabla ya wageni kutambulishwa. Tunapoiweka mwisho, akina mama wameshaondoka kwenda kupika, na wanaobaki ni wanaume wachache na viongozi. Tukabadilisha ajenda. Mapato na matumizi yakawa ya kwanza baada ya kufungua kikao. Sasa kwenye vijiji vitatu kati ya vinne hatuahirishi tena kwa kukosa akidi. Cha nne kina ugomvi wake wa mpaka ambao ajenda haiwezi kuutibu.

Nilipeleka nakala ya tasnifu halmashauri, kurasa mia moja na kitu, imejaladiwa vizuri. Miaka miwili baadaye nilikwenda masijala kutafuta barua nyingine nikaiona, iko ndani ya bahasha yake ya kaki, gundi haijafunguliwa. Karani hana kosa. Hakuna utaratibu unaosema karatasi ile iende kwa nani. Tena ilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hata ingefika kwenye baraza la madiwani, ingemfaa nani? Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Madiwani wetu wengi ni watu wa Kiswahili, wakulima na wafanyabiashara wenye akili timamu na swali kali. Mahakama zenyewe zimefunguliwa kwa Kiswahili kwa sheria ya mwaka 2021. Fikirini ni watumishi wangapi wa halmashauri wamesoma uzamili miaka hii yote, kila mmoja akitafiti jambo la halmashauri yake, ushuru wa mazao, maji, lishe, utoro, migogoro ya wakulima na wafugaji. Maarifa hayo yote yako kwenye rafu za vyuo, kwa lugha ambayo waliohojiwa hawaisomi.

Agizeni, waheshimiwa, kwamba mtumishi wa serikali za mitaa akimaliza utafiti wake auandike kwa Kiswahili kurasa kumi, ausome mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata au baraza la madiwani, na uingie kwenye muhtasari. Haihitaji fungu jipya la fedha. Inahitaji waraka.

Mimi yangu nimeshaitafsiri, kurasa kumi na mbili, sikuweza kuipunguza zaidi. Mwezi uliopita niliisoma kwenye kile kijiji cha saa moja na nusu, chini ya mwembe wa ofisi. Nilipofika pale ninapoeleza kwa nini akina mama huondoka mapema, mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni alinikatiza, "Hapo umeandika kweli, ila hujaandika kwamba mnatuweka juani." Ni kweli. Viti viko kivulini na wanaokalia ni wanaume. Katika miaka miwili ya utafiti sikuwa nimeliona hilo. Nimeliongeza kwa kalamu pembeni mwa ukurasa wa saba, na mkutano mkuu ujao mikeka itatandikwa upande wa kivuli. Nakala iko ofisini kwangu, kwenye jalada lenye namba. Karibuni muisome.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa Mtendaji wa Kata